Shari ya Hasira na Shari ya Hila: Maelezo ya Elimu ya Nafsi Juu ya Binadamu Kumdhuru Mwenzake, kwa Mifano ya Singida

Katika elimu ya nafsi, ambayo wengi sasa huiita saikolojia, liko swali moja lililowashughulisha mabingwa kwa zaidi ya miaka mia: ni kitu gani kimfanyacho binadamu kumdhuru binadamu mwenzake kwa makusudi? Majibu yaliyotolewa ni mengi. Nia ya makala hii ni kuyaeleza yaliyo makuu kwa Kiswahili, na kuyapima kwa mambo yaliyotokea katika nchi ya Singida na jirani zake. Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mabishano juu ya jambo hili hutokana na kutia chini ya jina moja mambo mawili yaliyo mbali mbali, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyatenga, iwapo tutakubali kuyatumia kwa uangalifu.

Mahali pa kusimamia pawe Ilongero, mji mdogo ulio kaskazini mwa mji wa Singida, yalipo makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Wenyeji wake ni Wanyaturu, waitwao pia Warimi, watu walimao mtama, uwele na alizeti na kufuga ng'ombe katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua. Sababu za kupachagua ni mbili. Ya kwanza, wilaya hii iliona katika miaka ya 1940 mauaji ambayo hapana nadharia ya nafsi iwezayo kuyapita bila kutoa jawabu. Ya pili, mkoa wa Singida umepakana na nchi ambako mauaji ya wazee wanaoshukiwa uchawi yamechunguzwa kwa hesabu na wataalamu. Mwalimu, hakimu na mzee wa baraza wa Ilongero wote hukutana na jambo hili katika kazi zao, na kila mmoja huamua kwa nadharia fulani, hata kama hakuisoma kitabuni.

I. Neno lenyewe

Mabingwa wengi wa elimu ya nafsi huafikiana kwamba jambo tunalolizungumza ni tendo lolote lifanywalo kwa nia ya kumdhuru mtu asiyependa kudhuriwa. Ajali haimo, wala haimo kazi ya mganga atumbuaye jipu. Je, tendo hilo tuliiteje?

Aghalabu hufasiriwa kuwa "uchokozi". Lakini mchokozi, katika maneno ya kila siku, ni yule aanzaye: mtoto amfinyaye mwenziwe darasani, au mlevi atukanaye wapita njia. Apigaye kwa kuwa ametukanwa hakuitwa mchokozi kamwe. Yeye ndiye aliyechokozwa. Basi tukisema kwamba "ghadhabu huzaa uchokozi", tumeigeuza lugha chini juu, kwa maana Kiswahili chasema kinyume chake: uchokozi ndio uzaao ghadhabu. "Ukali" nao ni tabia, si tendo. Mbwa ni mkali, kisu ni kikali, na mwalimu mkali aweza kumaliza mwaka asimguse mtoto. "Ugomvi" hutaka watu wawili. "Ukatili" hutaja kiasi cha ubaya, hautaji asili yake. Na mtu atakayejaribu kuunda jina kutokana na kitenzi "kudhuru" ataangukia "udhuru", neno ambalo limekwisha shikwa na maana nyingine kabisa.

Kwa hiyo nitatumia neno "shari". Twasema mtu ametafuta shari, au ni mtu wa shari, na wazee husema kwamba nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Neno hili halisemi nani alianza, wala halisemi kama moyo wa mtendaji ulikuwa wa moto au wa baridi. Kwa sababu hiyo lafaa kuwa jina la jumla, nasi tutaweza kuligawa baadaye.

II. Shari kama kitu cha kuzaliwa

Jibu la kwanza ni kwamba shari imo ndani ya binadamu tangu kuzaliwa. Sigmund Freud aliandika mwaka 1920 kwamba, pamoja na msukumo wa uhai, binadamu anao msukumo wa mauti, ambao hugeuzwa ukawaelekea wengine. Akalirudia wazo hilo katika barua alizoandikiana na Albert Einstein juu ya vita, zilizochapishwa mwaka 1933. Konrad Lorenz, bingwa wa tabia za wanyama, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba nguvu ya shari hujikusanya ndani ya kiumbe kidogo kidogo, na isipopata njia ya kutokea hulipuka yenyewe.

Msomaji wa Kiswahili huipokea picha hii bila taabu, maana lugha yake imejaa picha iyo hiyo. Hasira hupanda, huwaka, huchemka. Moyo hujaa, kisha hupoa. Lakini picha iliyo nzuri si lazima iwe ya kweli. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha majaribio ambayo ndani yake watu waliokuwa wametiwa hasira waligawanywa: wengine walipiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiri yule aliyewaudhi, na wengine walikaa kimya. Kama hasira ingekuwa maji ya chunguni, waliopiga mfuko wangalipoa. Ilionekana kinyume: wao ndio waliozidi kukasirika, na waliokaa kimya ndio waliokuwa na shari ndogo. Basi shauri la "mwache atoe hasira zake" halina msingi imara.

Jambo la pili lilitokea katika nchi yetu wenyewe. Lorenz alifikiri kwamba wanyama ni nadra kuwaua wa aina yao. Lakini huko Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Jane Goodall na wasaidizi wake waliona kati ya mwaka 1974 na 1978 madume ya sokwe wa kundi la Kasakela wakiwashambulia, mmoja baada ya mmoja, wale wa kundi la Kahama waliokuwa wamejitenga nao, hata kundi hilo likatoweka. Wengi wamelichukua jambo hili kuwa ushahidi wa asili ya shari. Yafaa kuangalia pia namna lilivyotendeka. Sokwe hao walikwenda mpakani kwa kunyamaza, wakimtafuta aliye peke yake. Huo haukuwa mlipuko wa chungu kilichofurika. Hata kwa mnyama, basi, shari yaweza kuwa na subira.

III. Shari kama tunda la kuzuiliwa

Mwaka 1939 John Dollard na wenzake wanne wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa jibu la pili: mtu hutenda shari anapozuiliwa asilipate alitakalo, na kama aliyemzuilia hafikiki, au anaogopwa, shari humwangukia mwingine aliye dhaifu. Mwaka uliofuata Carl Hovland na Robert Sears walilinganisha bei ya pamba katika majimbo ya kusini ya Marekani na idadi ya watu weusi waliouawa na magenge, tangu mwaka 1882 hadi 1930. Walisema kwamba bei iliposhuka mauaji yalizidi. Mkulima hawezi kulipiga soko, basi akampiga jirani asiye na mtetezi.

Habari iliyo karibu nasi zaidi ni ya Meatu, wilaya ya Usukuma ipakanayo na mkoa wa Singida. Mwaka 2005 Edward Miguel alichapisha uchunguzi wa vijiji vya wilaya hiyo, akaona kwamba katika miaka ya mvua kupita kiasi, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioshukiwa kuwa wachawi yalikuwa takriban maradufu ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao wenyewe.

Kwa mtazamo wa kwanza hii ni nadharia ya Yale iliyotimia: mvua imewazuilia watu chakula, mvua haipigwi, basi hupigwa bibi. Lakini Miguel mwenyewe alielekea kwenye maelezo mengine. Alisema kwamba mwaka wa njaa nyumba iliyo maskini hupungukiwa na chakula, na tuhuma ya uchawi huipa njia ya kumwondoa mlaji asiye na nguvu ya kulima. Maelezo haya mawili yafaa yawekwe bayana, kwa maana hesabu ni ile ile lakini moyo ni tofauti. Katika la kwanza muuaji amepofushwa na uchungu. Katika la pili amepima faida. Leonard Berkowitz, aliyeirekebisha nadharia ya Yale mwaka 1989, alisema kwamba si kuzuiliwa tu, bali kila jambo lichukizalo, kama joto, maumivu au njaa, huamsha hasira. Hata marekebisho hayo hayatwambii kwa nini uamuzi ufikiwe katika kikao cha ukoo.

IV. Shari kama somo

Jibu la tatu ni la Albert Bandura. Mwaka 1961 yeye na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto 72 wa shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga na kumtukana mwanasesere mkubwa. Baadaye walipoachwa naye, walimpiga vivyo hivyo, kwa vitendo vile vile na maneno yale yale. Wale wasioona kitu hicho hawakufanya hivyo kwa kiasi hicho. Bandura akasema kwamba shari hufunzwa kama lugha ifunzwavyo: kwa kuona, kuiga na kulipwa.

Wazee wetu wamelijua jambo hili, maana husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini wamesema pia kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na methali hii ya pili hutolewa sana kuwa hoja ya fimbo. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Tanzania mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha habari za watoto wa shule moja ya msingi ya Tanzania, wakaona kwamba waliochapwa zaidi ndio walioonyesha zaidi tabia za ugomvi. Mpinzani aweza kujibu kwamba mtoto mgomvi ndiye achapwaye, wala si kwamba achapwaye huwa mgomvi. Uchunguzi wa mara moja hauwezi kulikata shauri hilo. Lakini mwaka 2018 Mabula Nkuba na wenzake walitoa matokeo ya jaribio katika shule 8 za sekondari za umma nchini Tanzania: walimu waliofundishwa njia nyingine za kuwarudi wanafunzi walipunguza kuwapiga. Kumbe tabia ya mtu mzima, naye, ilikuwa somo, na somo laweza kufundishwa upya. Kanuni za mwaka 2002, zilizoweka viboko kuwa visizidi vinne, zilipunguza hesabu. Hazikugusa funzo lenyewe, yaani kwamba mwenye nguvu akikosewa hupiga.

V. Shari kama usomaji wa nia

Kenneth Dodge, mwaka 1980, aliwaambia wavulana kwamba mwenzao ameharibu mchezo waliokuwa wakiupanga. Walipoambiwa kwamba ilikuwa kwa makusudi, karibu wote walitaka kulipiza. Walipoambiwa kwamba ni bahati mbaya, walijizuia. Tofauti ilionekana pale nia ilipokuwa haijulikani: wavulana wagomvi waliisoma kuwa mbaya, wengine hawakuisoma hivyo. Hivyo chimbuko la hasira si tendo peke yake, bali ni tafsiri ya tendo.

Ushahidi mzuri wa jambo hili twaupata katika utani. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani aweza kukutukana mbele ya watu, hata msibani, nawe ukacheka. Maneno hayo hayo, yakitoka kwa asiye mtani, yangaliletea watu kesi. Sauti ni ile ile, tusi ni lile lile. Kilichobadilika ni nia ambayo desturi imekwisha kuitangaza mapema. Utani, basi, ni ufundi wa jamii wa kuondoa mashaka juu ya nia, na yafaa wataalamu wa nafsi wautazame zaidi kuliko walivyoutazama mpaka sasa.

VI. Shari na namna ya maisha

Katika miaka ya 1961 na 1962 Robert Edgerton aliwahoji watu wa makabila manne ya Afrika ya Mashariki, yaani Wahehe, Wakamba, Wapokoti na Wasebei, na katika kila kabila alichagua sehemu ya wakulima na sehemu ya wafugaji. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1971 alieleza kwamba wafugaji huelekea kuonyesha hasira yao waziwazi, na wakulima kuificha, wakishukiana zaidi mambo ya uchawi. Sababu moja yaeleweka kwa urahisi. Mfugaji akigombana na jirani huweza kuhamisha ng'ombe wake. Mkulima hawezi kulibeba shamba lake. Atakaa na adui yake miaka thelathini, wakisalimiana kila asubuhi.

Wanyaturu ni wakulima na wafugaji pamoja. Ng'ombe wao hutegemea nyumba na samadi ya zizi hutegemewa na shamba, hivyo hawahami kama mfugaji wa mbugani. Lau kipimo cha Edgerton ni sahihi, hapa ndipo tutazamie kuona hasira iliyofichwa, iwekwayo kuwa fundo moyoni. Nasema "tutazamie", kwa kuwa hapana kabila lililo na moyo mmoja.

VII. Simba-watu

Sasa twaweza kulifikia jambo lililoifanya Singida ijulikane mbali. Kati ya mwaka 1946 na 1948 wilaya hiyo, wakati ule ikiwa katika Jimbo la Kati la Tanganyika, ilikumbwa na mauaji mengi ambayo miili yake ilionekana kana kwamba imeraruliwa na simba. Mambo ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha tokea katika miaka ya 1920. Watu walisema kwamba wachawi wanafuga simba, au wanaageuza watu kuwa simba. Wapelelezi wa serikali walishikilia kwamba waliouawa waliuawa na watu waliovaa ngozi za simba. A. W. Wyatt aliandika habari hizo mwaka 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na Harold Schneider, aliyekaa na Wanyaturu kwa utafiti, akalirudia suala hilo mwaka 1962 katika jarida lilo hilo.

Tuzipime nadharia zetu. Chungu cha Lorenz hakifai: mtu atayarishaye ngozi na silaha ya kucha, kisha akaotea njiani, hakulipuka. Kuzuiliwa kwa Dollard kwaweza kueleza chuki ilianzia wapi, hakuelezi subira yake. Bandura atusaidia zaidi, kwa kuwa njia ile ilionekana, ikaigwa, na ikarudi baada ya miaka ishirini. Kuna pia jambo la kujificha. R. I. Watson alionyesha mwaka 1973, kwa kulinganisha jamii nyingi za dunia, kwamba pale wapiganaji wanapojibadilisha sura kabla ya vita ndipo aghalabu maadui hutendewa ukatili uliozidi. Avaaye sura nyingine huvua lawama yake.

Lakini ngozi haikuwa vazi la mwili peke yake. Ilikuwa vazi la lugha. Maadamu watu walisema "simba amekula mtu", hapakuwa na muuaji. Simba hashtakiwi. Na ilivyo hatari kuamini neno bila kulipima yaonekana tukiitazama Njombe ya wakati uo huo, ambako simba wa kweli waliua watu wengi, na watu wakasema wametumwa na mchawi. Singida watu walijificha nyuma ya mnyama. Njombe mnyama alitafutiwa mtu wa kulaumiwa. Katika nchi zote mbili jina lilitangulia uchunguzi.

VIII. Hasira na hila mbele ya sheria

Seymour Feshbach, mwaka 1964, alitenga shari ambayo lengo lake ni kumwumiza mtu na ile ambayo maumivu ni njia tu ya kupata kitu kingine. Mimi naziita shari ya hasira na shari ya hila. Sheria iliitambua tofauti iliyo karibu na hiyo zamani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humpunguzia kosa aliyeua kwa ghafla baada ya kughadhibishwa, na humpima kwa mtu wa kawaida wa jamii yake. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Galikuwa iliyotoka Uganda, iliamua kwamba imani ya uchawi peke yake haitoshi. Lazima pawe na tendo mbele ya macho ya mshtakiwa, nalo limtie hasira ya ghafla. Hofu tu, hata ikiwa kubwa, si utetezi huo. Tazama jinsi mahakimu walivyolazimika kuwa wanafunzi wa nafsi: iliwabidi kutenga hasira na hofu, na moto wa sasa na kinyongo cha jana.

Brad Bushman na Craig Anderson walionya mwaka 2001 kwamba mgawanyo huu si ukuta. Mtu aweza kulipiza kisasi kwa hasira ya kweli na kwa mpango wa siku nyingi. Mnyang'anyi aweza kukasirika katikati ya wizi. Onyo hilo ni sahihi, nami silipingi. Hasira na hila si vyumba viwili vya kutilia watu, bali ni maswali mawili ya kuulizwa juu ya kila tendo: moyo ulikuwa katika hali gani, na mkono ulikuwa umejitayarisha kiasi gani?

Maswali haya hufutwa na namna moja ya kusema iliyoenea leo. Mtu anaposhukiwa wizi au uchawi akauawa na kundi, magazeti huandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo yamezoeleka hata hayasikiki tena, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya nafsi: kwamba wote waliokuwapo walichemka, na kwamba achemkaye hana jina. Hayaulizi nani aliyepiga mbiu, nani aliyekwenda kuleta petroli na tairi, wala nani aliyekuwa na deni kwa marehemu. Yamefanya kazi ile ile iliyofanywa zamani na neno "simba".

Kwa hiyo kazi ya mwanalugha katika jambo hili si ndogo kuliko ya mtaalamu wa nafsi. Atungaye istilahi, aandikaye kamusi, na afundishaye waandishi wa habari, wote humpa hakimu na mzee wa baraza vyombo vya kuulizia. Wakimpa neno moja kwa mambo mawili, atauliza swali moja, na jibu la pili litapotea pamoja na aliyeuawa. Mzee wa Ilongero akiletewa kesi ya bibi aliyepigwa mwaka wa ukame, asitosheke kuambiwa kwamba vijana walikuwa na hasira. Aulize kama walikutana usiku uliotangulia.